Mahali Petu Juu ya Jabali

Pangani, Tanga
9 Machi 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Noela amekaa upande wa sikio lako la kulia kabla ya kuanza kusoma. Noela, soma polepole na usiruke mstari. Najua Bibi hapendi simu kwa sababu maneno ya simu yakishasemwa yamekwenda, lakini barua anaweza kuomba asomewe hata mara tano.

Sisi tupo. Sasa ni mwezi wa kumi tangu tuondoke Kharumwa, na uliniambia nikishazoea nikusimulie pwani ikoje. Basi nakusimulia kama Mwalimu Zipora alivyotufundisha, kwamba barua iseme kile jicho lilichokiona.

Jua la hapa linatoka majini, Bibi. Kwanza maji yanakuwa ya rangi ya chungwa bivu, kisha linajitokeza lote kwa mara moja kana kwamba kuna mtu analisukuma kutoka chini. Siku za kwanza niliamka mapema kila asubuhi kulitazama. Mchana bahari inajiondoa, inakwenda mbali sana, na sisi wanafunzi tunatembea mahali ambapo asubuhi palikuwa na maji ya kumfunika mtu. Baadaye inarudi bila kelele. Upepo haukosekani. Wali unapikwa kwa nazi, maharage kwa nazi, hata viazi kwa nazi. Dafu moja nalinywa peke yangu, na nikimaliza nakwangua nyama yake kwa kipande cha ganda lake lenyewe.

Watu wa hapa wanasalimiana kwa muda mrefu. Bi Mwanakheri, mwenye nyumba tunayokaa, mama wa yule rafiki wa Baba waliyechimba naye dhahabu Nyarugusu, anauliza habari za usiku, za chakula, za huko kwetu na za kwako wewe ambaye hajawahi kukuona. Nikimjibu kwa mkato ananirudisha mlangoni nianze upya. Shuleni walicheka nilivyokuwa natamka maneno, sasa wamechoka kucheka.

Baba analinda bustani ya minazi. Ni kazi ya kukaa kivulini. Anakusalimu.

Mjukuu wako,
Paskalina Ngassa

*Noela, karatasi hii ndogo ni yako peke yako. Usimsomee Bibi. Yeye anajua tumekuja pwani kwa ajili ya kazi, kwa sababu ndivyo Baba alivyotaka ajue. Ukweli ni kwamba daktari alipiga picha ya kifua chake, akakuta vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu. Alisema kifua hakitarudi kuwa kipya, ila Baba akiacha vumbi kitabaki kilivyo. Akirudi kwenye vumbi hatuna hata miaka mitatu naye. Mwalimu Zipora alitukataza kuandika uongo. Sikumbuki kama alitufundisha lolote kuhusu kuacha jambo.*


Kharumwa, Nyang'hwale
28 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Paskalina,

Marahaba. Ninayesema ni mimi, bibi yako, anayeandika ni Noela. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asinitengenezee.

Barua imesomwa mara nne. Siku ya tatu Mama Abel alikuja kuomba chumvi, akakaa, naye akasomewa. Umenisimulia jua, mjukuu wangu. Kwani hapa kwetu kuna giza? Jua hata huku lipo, tena halitoki majini limelowa. Mama Abel alicheka mpaka akasahau chumvi.

Sasa nisikilize. Unakumbuka jabali nyuma ya boma. Unakumbuka kila nyumba ina mahali pake pa kuanika michembe ya viazi, na mipaka ni ile mistari ya mkaa tunayoipaka kila mwaka mvua zikiisha. Penu ni pale juu, panapopata jua la kwanza na la mwisho. Marehemu mama yako alianika pale, kisha ukaanika wewe ukiwa na miaka tisa, ukikata vipande vinene kama nyayo. Julai iliyopita palikaa patupu. Nilipita kila siku nikaona kenge mmoja amejilaza pale, ameshiba jua, ananitazama kama mwenye nyumba.

Kanuni unaijua. Nyumba isiyoanika misimu miwili, mahali pake wanapewa wengine. Siwezi kuwaanikia mimi, kwa sababu nyumba hukata kwa mkono wake, na mimi mkono wangu unahesabiwa kwenye mahali pangu kule chini. Mama Abel ameshaniuliza mara mbili. Anauliza kwa adabu, lakini anauliza. Ana wakwe watatu wasio na mahali.

Mwambie Ngassa arudi kabla ya Julai. Marselino, mwenzake wa machimboni, naye anamtafuta. Duara lao la Nyarugusu, lile shimo la dhahabu, limefika kwenye mwamba mzuri, na nafasi yake kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, bado hajapewa mtu. Mtoto wangu hakuzaliwa kukaa chini ya minazi kama mgonjwa.

Noela, hilo la mwisho usiliandike.

Bibi yako,
Mama Ngassa
(dole gumba lake liko hapo chini)

*Paskalina, nimeliandika kwa sababu aliniambia niandike kila anachosema. Bibi anamwita baba yako kila jioni, anamtaja kwa jina akiwa anafunga mbuzi. Niruhusu nimwambie. Noela.*


Pangani
18 Mei 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka sana kuhusu kenge, na Baba naye alicheka. Nakuandikia huku mvua inanyesha siku ya sita mfululizo.

Barua ya kwanza ilikupa nusu ya pwani. Leo nakupa nusu nyingine, maana umenifanya nione kwamba nilijisifia jua la watu.

Hapa kila kitu kinaliwa na chumvi. Hailiwi na watu, yenyewe ndiyo inakula. Zipu ya begi langu la shule imeganda, nalibeba midomo wazi. Bati la jikoni limetoboka kama kitambaa kizee. Kiberiti hakiwaki mpaka ukiweke kwanza kwapani. Maji ya kisima yana ladha ya machozi, sabuni haitoi povu, na chai hata ukiijaza sukari bado unajua maji yalitoka wapi. Shuka unaianika asubuhi, unaianua jioni, ukiilalia inakuwa kama kuna mtu alikuwa akilia juu yake. Jua ni kali la kuunguza shingo, Bibi, lakini halikaushi. Sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Nakumbuka Julai ya kwetu, jinsi midomo inavyopasuka na upepo unavyopita kwenye majani makavu ukisema. Nakumbuka kulala chali juu ya jabali saa kumi jioni, mgongo unapata moto wa jiwe na tumbo linapata upepo. Hakuna jiwe la moto namna hiyo hapa. Kuna mchanga tu, na mchanga haumshiki mtu.

Baba hali vizuri. Wali wa nazi anausogeza. Juzi Bi Mwanakheri alimuuliza anataka apikiwe nini, naye akajibu kama mtoto, "Michembe, na karanga." Bi Mwanakheri akaniuliza mimi michembe ni nini. Nikamweleza kwamba ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani mpaka vinalia kama vigae. Akasema, "Sasa mwanangu, kiazi kibichi kipo, kwa nini mkikaushe kwanza ndipo mkitie maji?"

Kuhusu Julai, Baba hajasema kitu. Ninakuomba usimharakishe.

Mjukuu wako,
Paskalina

*Noela, bado usimwambie. Bibi akijua, Baba atasema nimemwaibisha kwa mama yake. Nipe muda.*


Kharumwa
8 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Noela amesoma na mimi nimesikia, hasa pale unaponiomba nisimharakishe. Tangu lini mama hamharakishi mwanawe kurudi nyumbani?

Kama baba yako anatamani michembe, kwa nini hujamkatia? Viazi vipo, umesema. Jua lipo, umelisifu mpaka nikaumwa kichwa. Viache viazi vinyauke siku mbili, menya, kata vyembamba, si kama nyayo, anika siku nne na geuza mchana. Mtoto wa nyumba hii hawezi kukaa na jua mwaka mzima halafu baba yake akose michembe. Au pwani wamekufundisha kukaa kivulini wote wawili?

Mvua zimeisha. Wiki hii tumepaka mistari ya mkaa juu ya jabali. Nilipopaka wa kwenu Mama Abel alinishikia kopo la mkaa. Nadhani alinionea huruma, na hilo ndilo lililoniuma.

Mimi ni mzima. Magoti tu.

Mama Ngassa

*Paskalina, kaa chini kabla hujasoma hapa. Juzi Marselino alikuja kwa Bibi akiwa na furaha. Amezungumza na baba yako kwa simu. Baba yako amemwambia atafika tarehe ishirini Julai, aanike na wewe mahali penu, kisha arudi kwenye karasha. Bibi amefurahi mpaka amechinja kuku, na mimi nimekula paja lake nikijua ninachojua. Sijui nitamwungamia nani. Noela.*


Pangani
2 Julai 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ni ndefu. Noela, msomee Bibi yote, hata pale utakapoogopa, na leo hakuna karatasi ndogo.

Naanza na viazi. Nilikata kama ulivyosema, vyembamba, na nilivianika juu ya bati la choo kwa sababu ndilo lenye jua kutwa. Siku ya kwanza vilipendeza. Siku ya pili vilikuwa laini. Siku ya tatu vilianza kuota manyoya ya kijani, na harufu yake ilimtoa Bi Mwanakheri ndani. Nilirudia. Vikaoza tena. Baba alipita akavitazama, akachukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha taratibu mahali pake. Siku hiyo hiyo nikamwona anakunja nguo zake.

Begi lake halikufunga, Bibi. Zipu imeliwa na chumvi kama ya kwangu. Alihangaika nalo, akaipaka nta, akaivuta kwa meno. Kisha akaanza kukohoa, na hakunyamaza kwa muda ambao mimi nilimaliza kuosha vyombo vyote.

Sasa nasema lile nililoliacha. Hatukuja pwani kwa ajili ya kazi. Vumbi la mawe limeingia kwenye mapafu ya Baba. Daktari alisema kifua chake hakitakuwa kama zamani, lakini akikaa mbali na vumbi kitabaki kilivyo, na anaweza kuishi nacho miaka mingi akifanya kazi nyepesi. Akirudi kwenye karasha hatamaliza miaka mitatu. Baba alinikataza nisikuambie kwa sababu aliona aibu mwanamume kukimbia kazi ambayo wenzake wanaendelea nayo. Kwa hiyo mimi nilikuandikia machungwa ya jua na madafu, ili uone tuna sababu ya kukaa. Wewe ukaona tumewasahau. Hatujasahau hata siku moja. Najua ni jiwe gani juu ya jabali lina ufa wenye umbo la ndala.

Kinachomrudisha Baba si mwamba mzuri wa Marselino. Nilimuuliza jana. Alisema, "Mahali pa mama yako pakipewa watu, mimi nitakuwa mgeni kila ninapokwenda." Akishafika huko hatakataa kwenda Nyarugusu, kwa sababu anaona haya kukaa bure mbele ya wenzake. Nimemjua miaka kumi na tano.

Nilimweleza Bi Mwanakheri yote, kwa sababu nilikuwa nalia na yeye hakubali mtu alie bila sababu. Alisema viazi vyangu vina tabia ya nazi. Hata wao mwezi wa mvua hawaliamini jua. Wanapasua nazi na kuziweka juu ya uchaga, moto mdogo wa makumbi unafuka chini yake. Akanijengea uchaga jikoni. Nimekata viazi vya bustani yake kwa mkono wangu mwenyewe na kuvikalisha siku tano kwenye moshi. Havikuoza. Lakini havilii kama vigae, vinajikunja kama ngozi ya kiatu, na vina harufu ya moshi na ya samaki waliotangulia kulala pale.

Nakutumia kikapu kimoja kwa basi. Tafuna kimoja uniambie kama ni michembe au si michembe. Sijampa Baba bado. Naogopa atavigeuza na kuvirudisha.

Ana tiketi ya tarehe kumi na nane.

Mjukuu wako aliyekuficha, na anayekuomba radhi,
Paskalina


Kharumwa
12 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Noela alisoma akilia, nikamwambia anywe maji aanze tena. Kisha nikamfukuza kidogo. Nilikwenda kukaa juu ya jabali, mahali penu, peke yangu. Jiwe lilikuwa la moto. Nilikaa mpaka likapoa.

Hayo ya kunificha tutayazungumza siku nyingine, wewe na mimi na fimbo ndogo. Leo kuna kazi.

Kikapu kilifika Jumanne. Nilitafuna kimoja. Mjukuu wangu, kinanuka kama mtu aliyelala kwenye mashua. Lakini umekata vyembamba. Kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe umekata vyembamba.

Nikawaita wanawake wote wenye mahali juu ya jabali. Nikawaambia vumbi la mawe limempata Ngassa. Hakuna aliyeuliza maana yake. Karibu kila nyumba hapa ina mtu anayekohoa, tulikuwa tunaita mafua. Kisha nikamwaga kikapu chako mahali penu na kuanza kuvitandaza. Mama Abel akasema viazi vya pwani si vya hapa. Nikamuuliza kanuni inasemaje. Akasema, nyumba ianike. Nikamuuliza, imesema shamba, au imesema mkono? Nikamwambia, "Hivi vimekatwa na mkono wa nyumba hii. Huko vilikosa jua, vimekuja kulitafuta kwao."

Wanawake wawili wazee wakacheka. Mama Abel alisimama akitazama zile ngozi za viatu. Halafu akainama akaanza kugeuza pamoja nami. Alisema tu kwamba akienda kulala watoto watamuuliza amekula samaki wapi.

Vimeanikwa siku nne. Upepo mwaka huu ni mzuri. Sasa vinalia kama vigae. Noela amevigonganisha karibu na sikio langu la kulia nikasikia. Nusu nimeiacha kwangu. Nusu nawarudishia ndani ya mfuko wa salfeti. Noela ataupeleka stendi leo leo pamoja na barua hii, kwa mtu anayekwenda Tanga moja kwa moja, ufike kabla ya tarehe kumi na nane.

Marselino nimemwambia nafasi ya karasha ampe mtu mwingine. Akasema hakujua. Nikamwambia hata mimi sikujua, na yeye pia aende akapige picha ya kifua.

Sasa msomee baba yako sehemu hii, na umsomee akiwa amekaa.

Ngassa, mwanangu. Nilikuwa nakuita nyumbani, na sikujua nakuita wapi. Usije. Mahali pako papo, mistari yake ya mkaa nimeipaka mimi, na msimu huu pameanikwa. Mwakani binti yako akate tena, atume tena. Kenge nimemfukuza. Kaa kivulini, mwanangu, kaa kama mgonjwa, kaa hata miaka thelathini.

Mama yako

*Paskalina, hakuna aliloniambia nisiandike. Wabeja, asante kwa kuniruhusu kusoma yote. Ukija likizo ya Desemba nitakuonyesha: mstari wenu ameupaka mnene kuliko yote. Noela.*


Pangani
3 Agosti 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfuko wako ulifika tarehe kumi na saba, saa nane mchana, siku moja kabla ya basi. Nilichemsha michembe kwanza, nikaiweka na karanga mbele ya Baba, ndipo nikasoma.

Alisikiliza akiwa ameshika kipande kimoja bila kukila. Nilipofika mahali pa kenge alitabasamu. Nilipofika mwisho aliniomba nirudie, nikarudia, na mara ya tatu akaichukua barua akaisoma mwenyewe kimyakimya, ingawa maandishi ya Noela ni madogo. Kisha akala. Alikula mpaka sahani ikaisha, akaniambia, "Ina moshi." Nikasema ndiyo. Akafikiri. "Lakini jua lake ni la kwetu."

Tiketi aliirudisha mwenyewe. Anaendelea kukohoa, sikufichi, asubuhi hasa. Lakini sasa jioni anatembea na mimi mpaka ufukweni maji yakiwa yamekwenda mbali, na juzi alimuuliza Bi Mwanakheri viazi vya aina gani vinapenda mchanga. Wanabishana. Bi Mwanakheri alionja michembe na kusema sasa ameelewa kwa nini tunaikausha kwanza, ila hakutaka kunieleza alichoelewa.

Mimi nasoma. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba, na nina matumaini. Nikimaliza nitakuja Desemba nikisubiri matokeo yangu, tukae juu ya jiwe lenye ufa wa ndala, unichape na fimbo ndogo, halafu tuzungumze.

Begi la Baba nimelitundika juu ya jiko, juu ya uchaga, mahali pasipofikiwa na unyevu. Bado halifungi. Ndani yake mna michembe iliyobaki, na midomo yake imeachwa wazi ili ipate hewa.

Mjukuu wako,
Paskalina Ngassa